Matoleo ya duka moja ya filamu za kutisha: lipi linastahili bei yake

Fungua kasha la bati la filamu ya kutisha lililouzwa na duka moja tu, na aghalabu diski utakayoikuta ndani ni ileile iliyo kwenye kasha la plastiki la kawaida. Namba zilizochongwa kwenye duara la katikati ya diski ni zilezile, sauti ni zilezile, nyongeza ni zilezile. Kilichobadilika ni jalada. Mnunuzi anayelijua hili hununua kwa amani, kwa sababu anajua analipia mchoro, bati na uchache, na ni juu yake kuamua kama mchoro huo unastahili mara tatu ya bei. Asiyelijua hujikuta na filamu moja mara nne, zote zikiwa na picha moja.

Kwa hiyo kanuni yetu ni nyepesi: tafuta kwanza diski iliyo bora, kisha jalada. Ikiwa kampuni nyingine imeshatoa filamu hiyohiyo kutoka kwenye negativu ya asili (mkanda uliopita kwenye kamera) kwa 4K, diski yenye picha kali kuliko Blu-ray, kasha la bati la miaka kumi iliyopita lenye Blu-ray ya zamani ni pambo la rafu. Mapambo hayana ubaya, ila yalipiwe kama mapambo.

Tuanze na kasha lenyewe. SteelBook ni jina la biashara la kampuni ya Scanavo, yenye asili ya Denmark, na si kila kasha la chuma ni SteelBook. Kanada, kwa mfano, kulikuwa na makasha yaliyoitwa MetalPak, na wauzaji wengi mtandaoni huyachanganya yote chini ya jina moja. Lililo halali lina nembo ya SteelBook ndani yake. Kama picha za muuzaji zinaonyesha mbele na nyuma tu, mwombe picha ya ndani. Picha hiyo itakuonyesha na jambo la pili lenye uzito uleule, nalo ni meno ya kitovu kinachoshika diski. Jino moja likivunjika, diski inacheza ndani ya kasha njia nzima.

Kuhusu maduka yenyewe, uchache una aina mbili na haupimwi kwa mizani moja. Aina ya kwanza ni ya duka lililokufa au lililoacha biashara hii. Circuit City ya Marekani ilifunga mwaka 2009. Play.com, iliyouza kutoka kisiwa cha Jersey, ilitegemea msamaha wa kodi kwa vifurushi vya thamani ndogo vilivyoingia Uingereza. Msamaha huo ulipoondolewa Aprili 2012 hesabu zikavunjika, na mwaka uliofuata ikaacha kuuza bidhaa zake yenyewe. Future Shop ya Kanada ilifungwa Machi 2015. Best Buy, iliyokuwa mlango mkuu wa makasha ya bati nchini Marekani, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba itaacha kuuza DVD na Blu-ray, na mwaka 2024 ikatimiza. Toleo la maduka haya halitachapwa tena likiwa na stika ileile, kwa hiyo bei yake ina msingi.

Aina ya pili ni ya duka ambalo bado lipo. Kwa aina hii Uingereza ndiyo inayoongoza, kwa Zavvi na HMV. Zavvi ya leo ni ya mtandaoni: maduka yake, yaliyozaliwa mwaka 2007 kutoka Virgin Megastores, yalianguka mkesha wa Krismasi ya 2008, na jina likanunuliwa na The Hut Group mwaka 2009. HMV, iliyofungua duka lake la kwanza Oxford Street, London, mwaka 1921, imewahi kuwekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi mara mbili, ikanunuliwa na Sunrise Records ya Kanada mwaka 2019, na Novemba 2023 ikarudi palepale namba 363 Oxford Street. Faida ya HMV kwa anayeishi Uingereza au mwenye ndugu huko ni kwamba unaliona kasha kwa macho kabla ya kulipa. Kwa bati, faida hiyo ina thamani kuliko punguzo la pauni mbili.

Toleo la duka lililo hai usilikimbilie. Siku ya kwanza likiisha, walanguzi huliweka mnadani kwa bei maradufu saa hiyohiyo, na wanunuzi wenye hofu hulipa. Nakala zilizorudishwa na oda zilizofutwa huweza kurudi dukani wiki chache baadaye. Pia chunguza nchi jirani. Mchoro uliouzwa Uingereza kama wa duka moja unaweza kuuzwa Ujerumani au Ufaransa kama toleo la kawaida, ukitofautiana kwa alama ya umri na maandishi ya nyuma. Linganisha msimbopau: wa Marekani una tarakimu 12, wa Ulaya 13. Muuzaji anayedai ana nakala ya Best Buy huku msimbo wa nyuma ni wa Ulaya, ama hajui anachouza ama hataki wewe ujue.

Ujerumani inastahili kukaliwa kitako, kwa sababu huko toleo la pekee si suala la mchoro tu. Filamu inayowekwa kwenye orodha ya ulinzi wa vijana hairuhusiwi kutangazwa wala kuwekwa wazi dukani. Mtu mzima anaweza kuinunua, lakini lazima aiulizie. Filamu hubaki kwenye orodha hiyo miaka 25 isipoondolewa mapema. Juu ya hapo kuna kifungu cha 131 cha sheria ya jinai, ambacho kwa miongo kimetumika kuzikamata na kuzipiga marufuku kabisa filamu za ukatili mwingi. Ndiyo maana kampuni ndogo, nyingi zikiwa Austria ambako sheria ni nyingine, zilijenga soko la matoleo kamili yasiyokatwa, yanayouzwa kwa idadi ndogo kwa watu wanaojua wanachotafuta. Umbo walilolipenda ni mediabook: kitabu chenye jalada gumu, diski zikiwa zimeshikwa mbele na nyuma, na kurasa za insha na picha katikati.

Mediabook nzuri ndiyo toleo tunalolipa alama ya juu kuliko makasha yote ya bati. Karatasi ni nzito, picha za nyuma ya pazia zimechapwa vizuri, na mara nyingi unapata matoleo mawili ya filamu, la sinema na la mwongozaji, pamoja na Blu-ray na DVD. Lakini ina mitego mitatu. Wa kwanza ni majalada. Filamu moja hutolewa kwa jalada A, B, C na hata D, kila moja likiwa na namba ya nakala kama 333, 500 au 666. Namba hiyo ni ya jalada, si ya filamu. Majalada manne ya nakala 500 ni nakala 2,000 za kitu kimoja, na hakuna uchache wa ajabu hapo. Wa pili ni lugha. Insha ni za Kijerumani. Filamu ya Kiingereza kwa kawaida ina sauti yake ya asili, lakini filamu ya Kiitaliano au Kihispania inaweza kuwa na sauti ya asili na ya Kijerumani tu, na manukuu ya Kijerumani peke yake. Soma orodha ya manukuu kabla ya kulipa. Usikisie. Wa tatu ni gundi: vishikio vya diski vimegandishwa kwenye ubao wa jalada, na gundi hiyo haipendi joto. Mediabook iliyokaa dirishani au ndani ya gari lililoegeshwa juani huachia kishikio, na diski ikiteleza juu ya karatasi ngumu inachubuka.

Kwa makasha ya bati ya Ujerumani, angalia kona ya chini kushoto. Tangu mwaka 2008 sheria inataka alama ya umri ya FSK, taasisi ya Ujerumani inayopanga filamu kwa umri wa watazamaji, iwe mbele ya kasha, upande wa chini kushoto, kwenye eneo lisilopungua milimita za mraba 1,200. Kwa filamu za kutisha maana yake mara nyingi ni mraba mwekundu wa 18. Matoleo yenye busara huiweka kwenye stika au karatasi inayotoka; mengine huichapa kwenye bati lenyewe, na mchoro uliolipiwa na mnunuzi unabaki na kidonda daima. Picha za matangazo huonyesha mchoro bila alama hiyo, kwa hiyo omba picha ya nakala halisi.

Watu wengi huuliza kama nakala yao ya Uingereza imekatwa, kwa kuwa inaonyesha dakika 96 wakati kitabu cha marejeo ya filamu kinasema 100. Mara nyingi haijakatwa. DVD za Ulaya huendeshwa kwa picha 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo filamu inakimbia kwa asilimia 4, na dakika 100 zinakuwa 96. Kwenye Blu-ray tatizo hili kwa kawaida halipo. Pale ambapo Uingereza bado inakata kweli ni kwenye mateso halisi ya wanyama, kwa sheria ya 1937; filamu kadhaa za Kiitaliano za miaka ya 1970 na 1980 zimepoteza sekunde kadhaa kwa sababu hiyo. Kama unataka filamu hizo zikiwa nzima, toleo la Marekani au Austria ndilo la kulitazama.

Tuje kwenye jambo linalowaumiza wakusanyaji wa DVD za zamani: nailoni ya kiwandani haithibitishi uzima wa diski. Warner Bros. ilikiri mwaka 2025 kwamba baadhi ya DVD zake zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2008 zimeharibika zenyewe, hata zilizotunzwa vizuri. Miaka hiyo ndiyo ile ile ambayo maduka makubwa ya Marekani yalishindana kwa diski za nyongeza na makasha ya pekee. Maana yake, kasha lililofungwa la wakati huo, linalouzwa ghali kwa sababu halijafunguliwa, linaweza kuwa na diski iliyokufa ndani. Ushauri wetu kwa DVD za kampuni hiyo za kipindi hicho: nunua iliyofunguliwa na kujaribiwa, tena kwa bei ya chini.

Kujaribu nako kuna namna yake. Usitazame dakika tano za mwanzo ukatosheka. DVD ya tabaka mbili kwa kawaida husomwa kutoka kitovuni kwenda ukingoni, kisha tabaka la pili hurudi kutoka ukingoni kwenda ndani. Uharibifu unaoanzia ukingoni hukutana na katikati ya filamu. Peleka mbele hadi karibu nusu, acha icheze dakika ishirini, na sikiliza deki: ikianza kuhangaika, kusitasita au picha ikagawanyika vijimraba, diski imekwisha. Halafu inyooshe diski mbele ya taa yenye nguvu. Vitundu vinavyopitisha mwanga, wingu jeupe, au rangi ya kahawa inayotambaa kutoka pembeni ni dalili za tabaka la metali kuliwa, na hakuna kusafisha kutakakoirudisha. Mikwaruzo ni hadithi nyingine. Kwenye DVD data ipo katikati ya plastiki, milimita 0.6 ndani, na mkwaruzo mwepesi unaweza kusuguliwa. Kwenye Blu-ray data ipo milimita 0.1 tu chini ya uso, ikilindwa na ngozi ngumu. Mashine ya kusugua itakuondolea ngozi hiyo. Blu-ray haisuguliwi.

Nakala bandia zipo, hasa za matoleo ya bei kubwa. DVD iliyochapwa kiwandani ina rangi ya fedha chini, au dhahabu hafifu ikiwa ya tabaka mbili. Ile ya kuchomwa ina zambarau au buluu. Tahadhari: Warner Archive, tawi la Warner Bros. la filamu za zamani, ilianza mwaka 2009 ikiuza DVD halali za kuchomwa kwa oda, kwa hiyo rangi peke yake haitoshi kumhukumu muuzaji. Tazama maandishi madogo ya IFPI, msimbo wa kiwanda kilichochapa diski, karibu na kitovu. Kwa majalada ya karatasi yanayovikwa juu ya kasha, ambayo Marekani mara nyingi hupatikana kwenye uchapaji wa kwanza tu, bandia ni nyingi kuliko za diski. Tumia kioo cha kukuzia: maandishi madogo ya nyuma kwenye karatasi halisi yana kingo kali, ilhali yaliyoskaniwa yamevimba na yana nukta za rangi pembeni. Sehemu zilizoinuliwa au zenye mng'ao kwenye halisi huwa bapa kwenye bandia.

Sasa bati. Lishike chini ya taa ya pembeni, si ya juu, na uliinamishe polepole. Kibonyeo ambacho picha ya mbele haikionyeshi kitajitokeza kama kivuli. Kagua kona nne, kisha mgongo, hasa pale unapokunjika, kwa kuwa rangi huchubuka hapo kwanza. Karatasi ya maelezo ya nyuma imeshikwa kwa nukta za gundi. Kuing'oa kwa haraka kunaacha gundi na pengine kuondoka na rangi. Pasha moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele ikiwa kwenye nguvu ya chini, inua pembe moja, vuta ikiwa imelala sambamba na bati, halafu visugue vipande vilivyobaki kwa kidole gumba mpaka viviringike. Usitumie tina wala kiondoa rangi ya kucha: jalada lisilong'aa litabaki na doa linalong'aa, na doa hilo halitoki. Kibonyeo nacho kiache. Kukisukuma kutoka ndani kwa kijiko hupasua rangi upande wa nje, na nakala iliyopasuka rangi ina thamani ndogo kuliko iliyobonyea.

Vifuko vya kinga viwe vya PET (plastiki ya aina ya chupa za maji), unene wa milimita 0.3 au zaidi. PVC laini ikimbie, kwa kuwa kemikali zinazoilainisha hutoka polepole na kugandana na wino. Anayeishi Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam au Muscat ana adui wa ziada, hewa ya bahari. Pale rangi ilipochubuka bati hupata kutu, na majalada ya karatasi huota ukungu wa madoadoa. Kabati lenye milango, mbali na ukuta wa nje, pamoja na vipakiti vya silika vinavyobadilishwa vikishajaa maji, linatosha kwa mkusanyo wa kawaida. Lenga unyevu usiozidi asilimia 50. Kipimo kidogo cha unyevu ni cha bei rahisi kuliko kasha moja. Vifuko visizibwe kabisa, maana unyevu ulioingia navyo utabaki humo.

Na kuna vifungashio vinavyooza hata ukivitunza vipi. Mwaka 2002 kampuni ya Anchor Bay ilitoa filamu ya kwanza ya Evil Dead ndani ya kitabu cha mpira chenye sura ya ngozi, kilichobuniwa na Tom Sullivan, yule yule aliyetengeneza kitabu cha kwenye filamu. Ni kazi ya kupendeza mno. Lakini mpira huo unachakaa kwa asili yake: unanata, unapasuka, unamwaga unga na harufu. Nakala iliyo laini leo haitabaki laini. Nunua ukiipenda kama kitu cha kushika sasa, usiihesabu kama akiba, na usiibane katikati ya majalada mengine kwenye rafu kwa sababu itayanatia.

Kabla ya kulipa chochote, linganisha deki yako na alama ya ukanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imeruhusiwa kucheza. Kwa DVD, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Congo ziko ukanda 5, Uingereza na Oman ukanda 2, Marekani na Kanada ukanda 1. Deki nyingi za DVD hufunguliwa kwa namba za rimoti, kwa hiyo hapo hakuna shida kubwa. Blu-ray ni ngumu zaidi: Afrika, Ulaya na Ghuba ni B, Marekani na Kanada ni A, na deki nyingi hazifunguki bila kubadilishwa kifaa ndani. Diski ya 4K haina ukanda, inacheza popote. Mtego uko kwenye seti za Marekani zenye 4K na Blu-ray pamoja: filamu iko kwenye 4K, lakini mahojiano na makala mara nyingi yapo kwenye Blu-ray, na hiyo inaweza kufungwa kwa A. Ukiagiza deki ya Marekani ili kukwepa tatizo hilo, soma kibandiko cha nyuma. Ikiandikwa 120V peke yake, kuichomeka kwenye 240V kutaiunguza, inahitaji transfoma.

Kusafirisha ndiko kunakoharibu makasha mengi. Mwandikie muuzaji kabla hajatuma: boksi gumu, si bahasha ya mapovu, na kasha lisiguse ukuta wowote wa boksi. Ukitumia kampuni inayopokea mizigo London au Marekani na kuikusanya, waagize kwa maandishi wasifungue wala kupunguza vifungashio, kwa sababu kazi yao ni kupunguza ujazo na watatupa kile kilicholinda kona. Uliza kama bei ni ya uzito au ya ujazo: kasha la bati lenye diski mbili lina takribani gramu 200, lakini boksi lake likipimwa kwa ujazo linaweza kuhesabiwa kilo nzima, na hapo ni nafuu kusubiri makasha matano yasafiri pamoja. Hifadhi risiti ya bei halisi kwa ajili ya forodha. Mzigo ukifika, piga picha boksi pande zote sita kabla ya kukata gundi, kisha litikise taratibu. Ukisikia kitu kinagonga ndani, endelea kurekodi video wakati unafungua, maana bila video hiyo muuzaji wa mnadani hana sababu ya kukuamini.